James Ward Packard: Mwasisi wa magari ya kifahari aliyetia anga la kwao ndani ya saa

JINA la Packard lilitajwa kwa heshima kubwa katika ulimwengu wa magari kwa zaidi ya nusu karne. Warren Harding alipoapishwa kuwa Rais wa Marekani mnamo Machi 1921, alikuwa rais wa kwanza kwenda kwenye sherehe hiyo kwa gari badala ya kukokotwa na farasi. Gari hilo lilikuwa Packard lenye injini ya silinda 12.

Hata hivyo, mwenye jina hilo, James Ward Packard, alikuwa na mapenzi mengine ambayo hayakuishia barabarani. Alipenda saa. Alizinunua, akazivaa kifuani kwa mkufu kama ilivyokuwa desturi ya wanaume wa enzi yake, na alipoona kwamba zile zilizokuwa madukani hazimtoshi, aliagiza zitengenezwe nyingine ambazo hazijawahi kuwapo.

Saa ya mwisho kubwa aliyoagiza ilikamilika mwaka wa 1927, yeye akiwa mgonjwa kitandani. Ndani yake mlikuwa na anga la usiku la mji aliozaliwa.

Ili kuelewa ni kwa nini mtu mwenye akili timamu ya uhandisi atumie maelfu ya dola kununua kitu kama hicho, sharti tuanzie mwanzo.

Mwana wa Warren

Packard alizaliwa Novemba 5, 1863 mjini Warren, katika jimbo la Ohio, wakati ambapo Marekani ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Babake, Warren Packard, alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa vifaa vya chuma na mbao. Mamake aliitwa Mary. Kakake, William Doud, alimzidi kwa miaka miwili, na ndugu hao wawili walikuja kuwa washirika wa biashara.

Mnamo 1880 kijana huyo alijiunga na Chuo Kikuu cha Lehigh, jimbo la Pennsylvania, akahitimu shahada ya uhandisi wa mitambo mwaka wa 1884. Hiyo ilikuwa miaka mitano tu baada ya Thomas Edison kuonyesha taa yake ya umeme. Packard alikwenda New York, akaajiriwa katika kampuni ya Sawyer-Man iliyotengeneza taa za aina hiyo, na huko akajipatia ujuzi na hataza kadhaa za uvumbuzi.

Mwaka wa 1890 alirejea nyumbani. Yeye na kakake wakaanzisha Packard Electric Company, kiwanda kilichotengeneza taa na vifaa vya umeme. Biashara ilinawiri. Laiti mambo yangebaki hivyo, labda Packard angekumbukwa mjini Warren peke yake, kama tajiri mmoja wa taa.

Gari lililoharibika njiani

Mnamo Agosti 1898, Packard alisafiri hadi Cleveland kuchukua gari alilokuwa amelinunua kutoka kwa Alexander Winton, mmoja wa watengenezaji wa kwanza wa magari nchini Marekani. Safari ya kurudi Warren ilikuwa ya kilomita zipatazo 80. Gari liliharibika njiani, na mmiliki wake mpya akafika kwao kwa aibu ya kuvutwa na farasi.

Packard hakuwa mteja wa kukaa kimya. Alirudi kwa Winton mara kwa mara na orodha ya kasoro na mapendekezo ya marekebisho. Inasimuliwa kwamba Winton, aliyejulikana kwa hasira za karibu, alimjibu kwamba iwapo anajua sana, na aende akaunde gari lake mwenyewe.

Packard alifanya hivyo hasa. Aliwavuta wafanyakazi wawili wa Winton waje kumsaidia, na Novemba 6, 1899, siku moja baada ya kutimiza miaka 36, gari la kwanza la Packard liliendeshwa katika barabara za Warren. Muda si mrefu magari yake yakawa miongoni mwa ya kwanza Marekani kutumia usukani wa mviringo badala ya ule wa fimbo.

Mwaka wa 1902 kampuni ilichukua jina la Packard Motor Car Company, na mwaka uliofuata ikahamia Detroit kwa msaada wa mtaji wa Henry Joy na wenzake. Packard mwenyewe hakuhamia huko. Alibaki Warren, akawa rais wa kampuni hadi 1909 na mwenyekiti hadi 1912, huku wengine wakiendesha shughuli za kila siku. Mwaka wa 1904 alikuwa ameoa, lakini yeye na mkewe Elizabeth hawakujaliwa watoto.

Basi huyu hapa mtu mwenye fedha, muda, na akili ya mhandisi isiyokubali kutulia. Hapo ndipo saa zilipoingia.

Kwa nini saa?

Msomaji wa leo anaweza kudhani kwamba tajiri hununua saa ya bei ghali ili ionekane. Huenda hivyo ndivyo ilivyo kwa wengi. Lakini katika Ohio ya ujana wa Packard, saa ilikuwa jambo la kufa na kupona.

Mnamo Aprili 1891, treni mbili ziligongana karibu na Kipton, katika jimbo hilo hilo, na watu wakafa. Uchunguzi ulielekeza lawama kwa saa ya mmoja wa wahudumu wa treni, ambayo inasemekana ilisimama kwa dakika nne kisha ikaendelea kutembea bila mwenyewe kutambua. Baada ya msiba huo, Webb Ball, mfanyabiashara wa saa wa Cleveland, alipewa jukumu la kuweka masharti ya saa za reli. Saa ya mhudumu wa treni haikuruhusiwa kukimbia au kuchelewa kwa zaidi ya sekunde 30 kwa wiki.

Viwanda vya Marekani kama vile Waltham na Elgin viliweza kutimiza masharti hayo kwa kutengeneza saa kwa mashine, maelfu kwa maelfu. Kwa upande mwingine, tangu 1896 mtu wa kawaida aliweza kununua saa ya Ingersoll kwa dola moja tu.

Kwa hivyo, Packard hakuhitaji kuvuka bahari ili kujua ni saa ngapi. Alichokitafuta ng'ambo kilikuwa kitu tofauti.

Nchini Uswizi, katika bonde la Joux lenye baridi kali na theluji nyingi, wakulima walizoea tangu zamani kuunda sehemu za saa majumbani mwao nyakati za kipupwe. Kizazi baada ya kizazi, ufundi huo ulikua hadi wajukuu wao wakaweza kuunda saa zenye kazi nyingi za ziada. Ipo inayotambua miezi ya siku 30 na 31, na hata Februari ya mwaka mrefu, bila kurekebishwa. Ipo inayoonyesha mwezi ukiandama na kupevuka. Ipo inayogonga vikengele vidogo, mtu akibonyeza kitufe gizani, imhesabie saa, robo na dakika.

Mafundi huziita kazi hizo komplikesheni. Hakuna umeme wala betri. Nguvu yote hutoka kwenye kamani iliyosokotwa kwa kutia ufunguo, ikapitishwa kwenye magurudumu yenye meno madogo kiasi kwamba fundi huyatazama kwa kioo cha kukuzia. Kila kazi inayoongezwa hunyonya nguvu hiyo na kugombania nafasi na nyingine, ndani ya kisanduku kinachoenea kiganjani. Kosa la unywele mmoja huweza kusimamisha yote.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mhandisi aliyewahi kufungua injini na kuona jinsi chombo kimoja kinavyomkwamisha mwenzake, alizitazama saa hizo kwa jicho ambalo tajiri wa kawaida hakuwa nalo.

Mteja mgumu

Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Packard alianza kuagiza saa kutoka kwa nyumba ya Patek Philippe ya Geneva. Kampuni hiyo ina mizizi yake katika mwaka wa 1839, ilipoanzishwa na Antoni Patek, mkimbizi kutoka Poland, ambaye baadaye alishirikiana na fundi Mfaransa Jean Adrien Philippe, mvumbuzi wa mfumo wa kutia saa ufunguo kwa kuzungusha kitasa chake. Saa ngumu zaidi za kampuni hiyo zilipitia mikononi mwa mafundi wa bonde la Joux, wakiwemo wa karakana ya Victorin Piguet.

Packard alikuwa mteja yule yule aliyemkera Winton. Tofauti ni kwamba safari hii hangeweza kwenda kujiundia mwenyewe. Gari aliliweza, saa ya namna hiyo ilihitaji mikono iliyofunzwa tangu utotoni. Ikabidi afanye kazi yake kwa kalamu, akieleza anachotaka, kisha asubiri, wakati mwingine kwa miaka.

Mnamo 1916 alipokea saa yenye komplikesheni 16. Mwaka wa 1918, kampuni nyingine ya Geneva, Vacheron Constantin, ilimtengenezea saa ya dhahabu yenye uwezo wa kupima muda wa tukio na pia kujigongea saa na robo yenyewe, kama saa ya mnara. Aliagiza hata bakora yenye saa iliyofichwa kwenye kishikio chake.

Wakati huo huo, tajiri mwingine wa Marekani, Henry Graves wa New York, aliyetokana na familia ya wenye benki, alikuwa akiagiza saa kutoka kwa Patek Philippe vilevile. Masimulizi ya baadaye yamewafanya wawili hao mahasimu waliokesha wakiwindana. Pengine chumvi imetiwa. Lililo wazi ni kwamba kila mmoja alisukuma mafundi wale wale mbele zaidi ya walipokuwa wamefika, na kwamba pasipo wateja wa aina hiyo, mengi ya yale yaliyoundwa yasingeundwa kamwe. Fundi hodari humhitaji mteja anayejua kuomba.

Miaka ya jioni

Miaka ya 1920 haikumjia Packard kwa upole. Kakake William, mwenzake wa tangu utotoni, alifariki mwaka wa 1923. Yeye mwenyewe akaanza kudhoofika kwa ugonjwa wa saratani. Hatimaye alilazwa katika hospitali ya Cleveland Clinic, na huko akakaa kwa zaidi ya mwaka mmoja bila kurejea kwake.

Saa alizoagiza katika miaka hii zina sura nyingine. Za awali zilikuwa majaribio ya mhandisi, kuona mtambo unaweza kubebeshwa mzigo kiasi gani. Hizi zilimhusu mwenyewe.

Mojawapo ilitengenezwa ipige wimbo wa kubembelezea mtoto kutoka kwa opera ya Jocelyn, iliyotungwa na Mfaransa Benjamin Godard na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1888. Wimbo huo ulikuwa kipenzi cha mamake. Mzee wa miaka zaidi ya 60 aliwaomba mafundi wa Geneva wamtie mfukoni sauti ya kwao.

Nyingine ni ile iliyokamilika 1927. Kwa mbele ilikuwa na saa, tarehe, mwezi, na muda wa jua kuchomoza na kutua. Iligonga dakika. Kwa nyuma, ukifungua kifuniko, ulikuta anga la buluu lenye nyota zipatazo 500 za dhahabu, ndogo na kubwa, zikizunguka polepole jinsi zinavyoonekana hasa kutoka Warren, Ohio.

Saa hiyo ilikuwa na kazi moja ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataielewa upesi akielezwa. Jua halifuati saa zetu sawasawa. Katika mwezi wa Februari, adhuhuri ya jua huchelewa kwa kiasi cha dakika 14 nyuma ya adhuhuri ya saa, na mapema Novemba hutangulia kwa dakika zaidi ya 16. Sababu ni kwamba dunia haizunguki jua kwa mwendo mmoja mwaka mzima, na pia mhimili wake umeinama. Ndiyo maana hata Nanyuki, palipopita mstari wa ikweta, ambako mchana na usiku hukaribiana kuwa sawa daima, macheo husogea kwa takriban nusu saa kati ya miezi hiyo miwili. Saa ya Packard ilionyesha tofauti hiyo siku kwa siku.

Sisi tunaohesabu saa moja ya asubuhi kutoka macheo tumezoea jua lisilobadilika sana. Mjini Warren, macheo ya Juni na yale ya Januari hupishana kwa karibu saa tatu. Kwa mtu wa huko, kujua jua litachomoza lini ni hesabu, wala si mazoea. Na hesabu hiyo haiwezi kuhamishwa. Saa iliyoundwa kwa ajili ya macheo ya Warren hudanganya popote pengine. Packard alilipia chombo ambacho kilikuwa cha kweli katika mji mmoja tu duniani.

Bei yake ilikuwa dola 12,815. Katika mwaka huo gari dogo la Ford liliuzwa kwa chini ya dola 400. Kwa maneno mengine, mgonjwa huyo alikuwa na magari zaidi ya 30 kiganjani mwake.

Ni halali kuuliza iwapo hayo hayakuwa matumizi ya kupindukia. Watu wengi wa zama zake waliuliza, na wa zama zetu watauliza. Jibu haliwezi kuwa jepesi. Yapo mambo mawili ya kuweka kwenye mizani. La kwanza, fedha hizo zililipa ujira wa mafundi ambao ujuzi wao ungepotea pasipo kazi. La pili, katika siku hizo hizo Packard alikitolea Chuo Kikuu cha Lehigh dola milioni moja ili kijenge maabara ya uhandisi. Jengo hilo lilikamilika baada ya kifo chake, nalo linaitwa kwa jina lake hadi leo. Gari lake la kwanza la 1899 limewekwa humo.

Packard aliaga dunia Machi 20, 1928, akiwa na umri wa miaka 64.

Kilichobaki

Hakuishi kuona kuporomoka kwa uchumi mwaka wa 1929. Kampuni ya umeme aliyoianzisha na kakake ilinunuliwa na General Motors mnamo 1932. Ile ya magari ilijikongoja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ikaungana na Studebaker mwaka wa 1954, ikaacha kuunda magari Detroit mwaka wa 1956, na jina la Packard likatoweka sokoni baada ya magari ya 1958.

Henry Graves naye alipokea mwaka wa 1933 saa aliyokuwa ameiagiza tangu 1925, yenye komplikesheni 24 na anga la New York. Iliuzwa mnadani Geneva mwaka wa 2014 kwa dola zipatazo milioni 24.

Saa za mitambo zenyewe nusura zizikwe. Mnamo Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilileta saa ya mkononi inayoongozwa na fuwele ya kwatzi na betri, sahihi kuliko chochote kilichoundwa bondeni Joux. Katika miaka ya 1970 na 1980 maelfu ya wafanyakazi wa Uswizi walipoteza kazi. Viwanda vilivyonusurika vilifanya hivyo kwa kuuza kile alichokinunua Packard, yaani ufundi wenyewe, wala si usahihi wa wakati. Leo simu ya bei nafuu humwambia mwenyewe saa sahihi kuliko saa ya dhahabu ya mamilioni. Bado watu hununua ile ya dhahabu.

Mkusanyiko wa Packard uliachiwa taasisi ya mafundi saa ya Marekani, na baadaye baadhi ya saa zikauzwa. Ile ya Vacheron Constantin ya 1918 ilinunuliwa mnadani New York mwaka wa 2011 kwa zaidi ya dola milioni 1.7. Saa ya anga ilirudi ilikotoka. Imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Patek Philippe mjini Geneva, lililofunguliwa mwaka wa 2001.

Kwa anayetamani kununua saa ya namna hii, awe na mshahara mnono au akiba ya miaka mingi, maisha ya Packard yana funzo. Hakununua jina lililoandikwa kwenye uso wa saa, kwa kuwa la kwake lilikuwa maarufu kuliko hilo. Aliuliza mtambo unafanya nini na unafanyaje. Kisha, wakati wake mwenyewe ulipokuwa ukiyoyoma, akauliza ungeweza kumhifadhia nini.

Nyota zile 500 bado zimo kwenye uso wake wa buluu. Yeyote akiitia saa hiyo ufunguo huko Geneva, zitaanza kuzunguka tena, zikifuata usiku wa Warren.